Saa Ngapi, na Chumba Kipi

Kila mwaka, kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Dodoma huchangamka kwa namna yake. Bunge la Bajeti linapokaa, nyumba za wageni kuanzia Area C hadi Nkuhungu hujaa, bei ya chumba hupanda, na ofisi za umma huwasha taa hadi usiku wa manane zikiandaa hotuba, majedwali na majibu ya maswali ya wabunge. Kwetu sisi wa TEHAMA huo ni msimu wa simu zisizokoma, na nyingi huanza vilevile: "Fundi, mtandao unasumbua, na kesho asubuhi tunaingia kikaoni."

Nilianza kazi hii mjini hapa wakati wa wimbi la kuhamia makao makuu. Uamuzi wenyewe ni wa siku nyingi. TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, lakini wizara nyingi ziliendelea kukaa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali inahama kweli, Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia, na baada ya hapo malori yakawa yanapandisha makabati na kompyuta kutoka pwani. Watumishi walifika kabla ya majengo. Baadhi ya wizara zilijibanza katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, ofisi nyingine zikapanga nyumba na ghorofa mjini, hadi Mji wa Serikali ulipozinduliwa Mtumba mwaka 2019.

Haraka ile ilikuwa ya lazima, na wengi waliojituma wakati ule wanastahili heshima. Lakini iliacha alama kwenye mitandao ya ofisi. Swichi, vile vifaa vinavyounganisha kebo za kompyuta, ziliwekwa juu ya makabati kwa sababu chumba cha seva hakikuwa tayari. Kebo zilipitishwa pembeni ya milango na kushikizwa kwa misumari. Anwani ya kila mashine, yaani ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ilikaa kichwani mwa afisa mmoja, na afisa huyo akipata uhamisho aliondoka nayo.

Kazi ambayo imenifundisha kuliko zote ni ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kila ilipofika Aprili, kompyuta zilikuwa zinapotezana na seva. Mtu anafungua faili la bajeti lililohifadhiwa kwenye seva, anaandika, mara kioo kinaganda, kisha ujumbe unatokea kwamba njia ya kwenda kwenye seva haipatikani. Baada ya dakika chache inarudi yenyewe. Nimemwona mhasibu mtu mzima akifunika uso kwa viganja saa tano ya usiku kwa sababu jedwali alilolijaza tangu magharibi lilipotea nusu. Asubuhi yake lilitakiwa liwe kwa Katibu Mkuu. Watu wanaosema kompyuta ni mambo madogo hawajakaa na mhasibu huyo.

Swichi, seva au kebo iliyokufa kabisa ina nafuu yake: unaikuta imekufa, unaibadilisha, unaenda nyumbani. Inayokatika na kurudi ndiyo inayomaliza watu. Ukifika na vifaa vyako unakuta kila kitu kinafanya kazi. Unapima, unapata majibu mazuri. Unaondoka, na kabla hujafika Nyerere Square simu inaita.

Ofisi ile ilikuwa na maelezo yake tayari: mji umejaa wageni, kila mtu yuko mtandaoni, kwa hiyo mtandao umezidiwa. Maelezo hayo yaliingia akilini haraka, kwa sababu ni kweli kwamba intaneti ya simu wakati wa Bunge hupungua kasi sehemu zenye watu wengi. Lakini seva yenyewe ilikuwa chini ya ngazi, hatua chache tu kutoka kwenye meza ya mhasibu. Safari ya faili kutoka kwenye kompyuta yake hadi kwenye seva haikutoka nje ya ukuta wa jengo. Hata Dodoma nzima ingelala bila intaneti, safari ile isingeguswa. Nililazimika kulieleza hili mara nyingi, kwa wakubwa na kwa wadogo, kwa sababu watu wengi wanauita mtandao kila kinachotokea kwenye kioo.

Dawa waliyokuwa wakiitumia ni kuizima seva na kuiwasha upya. Na ilikuwa inafanya kazi! Seva ikishawaka, malalamiko yalitulia kwa muda. Hivyo kila mtu aliamini kwamba seva imechoka, na barua ya kuomba fedha za kununua nyingine ilikuwa imeshaandikwa. Swichi ilikuwa imeshabadilishwa, tatizo likabaki palepale.

Wakati nikiwa kijana nilifanya kazi chini ya fundi wa simu aliyekuwa amezeekea kwenye nyaya, mtu wa zama za simu za mezani. Kompyuta hakuzipenda sana, lakini alinipa jambo moja ambalo sijawahi kulipata kwenye kitabu. Nilikuwa nimemwambia laini fulani inakatika mara kwa mara. Akaniuliza: "Mara kwa mara ndiyo saa ngapi?" Nikakosa jibu. Akasema: "Basi rudi, ukakae na mwenye simu. Hakuna laini inayokatika mara kwa mara. Inakatika saa fulani, mahali fulani, mtu fulani akifanya jambo fulani."

Kwa hiyo katika ofisi ile sikugusa kitu kwanza. Niliomba daftari la kawaida, lile kubwa lenye jalada gumu, nikalichora safu: tarehe, saa, chumba, nani alikuwa kwenye kompyuta, alikuwa anafanya nini, ilirudi saa ngapi. Nikaliweka masijala, kwa sababu masijala ni mahali ambapo kila mtu hupita. Kuna waliokunja uso. Mkuu mmoja wa kitengo aliniambia ameita fundi, hakuita karani. Aliyeliokoa daftari lile ni mama aliyekuwa akisimamia masijala, Mgogo wa Chamwino, mtu wa utaratibu aliyekaa kwenye faili maisha yake yote ya kazi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza ninachotaka, akanijibu: "Mwanangu, kuandika saa ndiyo kazi yangu." Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kulalamika kwake akaondoka bila kuandikwa.

Kurasa zilipojaa, mambo mawili yakajitokeza. La kwanza lilikuwa la mahali. Ndani ya chumba kimoja, kompyuta moja ilikuwa inapoteza seva wakati jirani yake, meza kwa meza, anaendelea na kazi. Habari hii pekee ilifuta nusu ya dhana zetu. Kompyuta zile mbili zilitumia swichi moja na njia moja kushuka chini. Kama kebo ya chini ingekuwa na tatizo, au swichi, au seva yenyewe, wote wawili wangekatikiwa pamoja. Seva iliyochoka haichagui meza.

La pili lilikuwa la wakati, na hilo sikuliona mimi. Mama wa masijala alikuwa amelikalia daftari asubuhi, akaliweka sambamba na rejista yake ya kupokea na kupeleka barua, kisha akanipigia simu. "Mwanangu, hebu njoo. Hizi saa zako ni saa za makabrasha." Kila siku ambayo malalamiko yalikuwa mengi ilikuwa siku ya kutoa nakala za makabrasha ya kikao, na saa zilikuwa zilezile ambazo vijana wa kurudufu walikuwa wanafanya kazi. Mwishoni mwa korido kulikuwa na mashine kubwa ya fotokopi, kuukuu lakini nzima, ambayo kwa mwaka mzima ilikaa imezimwa. Msimu wa Bunge ndipo ilipowashwa, kwa sababu ile ndogo ya kila siku haikuweza mzigo. Mashine hiyo ilikuwa imeunganishwa na mtandao ili watu waweze kuchapa moja kwa moja kutoka mezani kwao.

Jioni hiyo tukafanya jaribio. Nilimwomba kijana wa kurudufu aizime mashine na akae karibu nayo. Mimi nikakaa kwenye kompyuta ya masijala, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika arp -a. Amri hiyo huonyesha orodha ya anwani ambazo kompyuta inazikumbuka, na kando ya kila anwani inaonyesha namba ya kifaa chenyewe, jozi sita za tarakimu na herufi ambazo kiwanda huipa kadi ya mtandao. Kwenye mstari wa seva, ile anwani inayoishia na 10, nilisoma zile jozi moja moja, mama akaziandika kwa penseli. Kisha nikapaza sauti kwenye korido: "Washa!" Tukaisikia fotokopi ikinguruma na kupasha moto, hadi kijana akaitika kwamba taa ya kijani imewaka. Nikaifuta ile kumbukumbu ya kompyuta, nikaitafuta seva upya, nikarudia amri. Anwani ilikuwa ileile, inayoishia na 10. Nikaanza kusoma jozi. Mama akaweka kidole kwenye daftari na kunisimamisha kwenye jozi ya kwanza kabisa: "Hizi si zile."

Jozi 3 za mwanzo hutolewa kwa mtengenezaji, hivyo ukizisoma unajua kifaa kimetoka kiwanda gani. Zile za kwanza zilikuwa za mtengenezaji wa seva. Hizi za pili zilikuwa za mtengenezaji wa fotokopi. Vifaa viwili katika jengo moja vilikuwa vinadai anwani moja.

Ili kuelewa kwa nini hilo lilileta kasoro ya kwenda na kurudi, lazima ujue jinsi kompyuta zinavyotafutana. Mtandao wa kebo tunaoutumia maofisini, Ethernet, ulibuniwa na Robert Metcalfe kule Xerox PARC, California. Waraka wake wa kwanza ni wa Mei 1973, mwaka uleule ambao TANU iliichagua Dodoma. Kwenye mtandao huo kompyuta inayotaka kuzungumza na anwani fulani huuliza kwanza kwa wote: nani mwenye anwani hii? Mwenye nayo hujibu kwa kutaja namba ya kadi yake. Utaratibu huo, ARP, uliandikwa na David Plummer mwaka 1982, na haukuwekewa njia yoyote ya kuhakikisha kwamba anayejibu ndiye hasa. Karani akiita "Juma!" uani na wakaitika Juma wawili, barua itakwenda kwa aliyefika mbele yake. Kompyuta ya mhasibu ilipopata jibu la seva, ilifanya kazi. Jirani yake alipopata jibu la fotokopi, alikuwa anapeleka jedwali la bajeti kwenye mashine ambayo haikujua faili ni kitu gani. Kumbukumbu hiyo kwenye kompyuta hudumu kwa muda mfupi tu, kisha swali huulizwa tena, na safari hii mshindi anaweza kuwa mwingine. Ndiyo maana ilikuwa inarudi yenyewe.

Na kuwasha seva upya kulikuwa kunasaidia kwa sababu seva inapowaka hujitangaza kwa wote kwamba anwani hii ni yake, na kompyuta zote husahihisha kumbukumbu zao kwa muda. Dawa ilituliza maumivu, ikaficha ugonjwa. Mbaya zaidi, kila ilipowashwa upya iliwakata na wale ambao wakati huo walikuwa wanafanya kazi bila shida. Nilipofungua kumbukumbu za matukio za Windows kwenye seva nikakuta onyo namba 4199, la mgongano wa anwani, limeandikwa tena na tena katika tarehe zilezile za daftari. Seva ilikuwa imesema yote hayo kwa maandishi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na mazoea ya kusoma.

Marekebisho yalikuwa madogo: nikaipa fotokopi anwani nyingine kupitia kioo chake chenyewe, basi. Barua ya kununua seva mpya ikaondolewa kwenye faili. Baadaye tukatenga fungu la anwani za seva na jingine la printa, tukaziandika kwenye jedwali, na jedwali likawekwa masijala pamoja na nyaraka nyingine za ofisi. Fotokopi ile, tuligundua, ilikuja na lori kutoka Dar es Salaam ikiwa na anwani yake ya kule, ambako hakuna aliyegombana nayo. Hapa ilikuta seva imepewa namba hiyohiyo. Walioiweka hawakukosea, ila hakuna mahali pa kuuliza palipokuwa pameandaliwa. Ninaamini kwa dhati kwamba mtumishi wa TEHAMA akihamishwa, orodha ya anwani iwe sehemu ya makabidhiano ya ofisi, isainiwe kama zinavyosainiwa funguo na magari.

Tangu hapo daftari limekuwa kifaa changu cha kwanza, na mara nyingi kimenionyesha mambo ambayo hakuna kipimo kingeyaonyesha. Kwenye ofisi nyingine, yenye stoo upande wa pili wa mji, programu ya stoo ilikuwa inaunganishwa na seva ya makao makuu kupitia fayawoli, kile kifaa kinacholinda mlango wa mtandao. Malalamiko yalikuwa ya mtu mmoja, mtunza stoo, na karibu yote yalikuwa ya Ijumaa, mnamo saa nane mchana. Wenzake walishaanza kumwambia labda ni yeye asiyejua kuitumia. Nilipomuuliza Ijumaa inatofautiana vipi na siku nyingine, alinijibu bila kufikiri: siku nyingine anakula haraka kwa mama lishe na kurudi, Ijumaa anakwenda kuswali Msikiti wa Gaddafi, na pamoja na njia anachukua zaidi ya saa nzima. Programu alikuwa anaiacha wazi.

Hapo jibu likawa limeshajitoa. Fayawoli nyingi huwekwa ziyasahau mawasiliano yaliyokaa kimya kwa muda wa saa moja hivi, ili zisijaze kumbukumbu zao. Kwa upande mwingine, kompyuta na seva zina utaratibu wa kupelekeana ujumbe mdogo wa kuulizana kama mwenzake bado yupo, lakini kwa kawaida ujumbe huo wa kwanza hutumwa baada ya saa 2 za ukimya. Kanuni inayotaka muda huo usipungue saa 2 iliandikwa mwaka 1989, wakati kila ujumbe kwenye laini ulikuwa na gharama. Kwa hiyo akienda msikitini, fayawoli inakata katikati, na pande mbili zote hazina habari. Anaporudi na kubonyeza, ujumbe wake unafika kwenye mlango ambao haumjui tena. Tuliirekebisha seva iwe inaulizia kila baada ya dakika chache, na mtunza stoo akawa anaswali Ijumaa yake bila wasiwasi. Kwangu furaha kubwa zaidi ilikuwa kwamba jina lake lilisafishwa mbele ya wenzake.

Lakini kuna kasoro zinazotokana na ardhi yenyewe, na hizi fundi aliyefunzwa pwani huchelewa kuzijua. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni chache, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ukavu na upepo wa vumbi. Vumbi hilo jekundu huingia kwenye feni za swichi hadi zinasimama, swichi inapata joto, na mchana inaanza kujizima na kuwaka. Hilo ni rahisi: fungua, pangusa, na uihamishe swichi kutoka juu ya kabati. Lililonipa kazi ni udongo.

Ofisi fulani ilikuwa na majengo mawili, moja la zamani na jingine la kuongezwa, na kebo ya kawaida ya shaba ikiwa imepitishwa kati yake. Kila jengo lilikuwa na waya wake wa ethi uliochimbiwa. Kwenye udongo mkavu kama wa Dodoma wakati wa kiangazi, ethi hushika vibaya, na za majengo mawili hazishiki sawa. Mawingu ya kwanza ya Desemba yanapokuja na radi, umeme wa ghafla hutafuta njia, na ile kebo ya shaba inayounganisha majengo ndiyo njia nyepesi. Radi haikuunguza swichi moja kwa moja, na hilo ndilo lililowachanganya. Tundu moja la swichi lilidhoofika tu. Likawa linashika kasi ya megabiti 1,000, kisha linashuka hadi 100, kisha linaachia kabisa na kushika tena. Watu wa jengo jipya walikuwa wanahamisha kebo kwenye tundu jingine, mambo yanatulia hadi radi nyingine. Nilipoangalia hesabu za makosa kwenye swichi, tundu baada ya tundu, nikaona kwamba yaliyoharibika yalikuwa yamefuatana, kwa mpangilio uleule waliokuwa wakihamishia kebo. Na daftari lao, ambalo safari hii lilikuwa la mlinzi wa getini, mtu aliyeandika kila mvua kwa sababu ya mfereji uliokuwa ukijaa, lilionyesha siku za radi.

Hapo hakuna programu itakayosaidia. Kati ya jengo na jengo tulitoa shaba tukaweka fiba, kwa sababu fiba ni kioo, inapeleka mwanga, na umeme hauna njia humo. Fundi umeme akachimba upya ethi zote mbili, akazizungushia mkaa na chumvi kama mafundi wa hapa wanavyofanya ili udongo ushike unyevu, na akaziunganisha pamoja. Ningependa kila anayejenga ofisi Dodoma aipangie bajeti fiba ya kati ya majengo tangu mwanzo, badala ya kununua swichi kila Januari.

Kasoro nyingine nitazitaja kwa haraka. Kompyuta mpakato inayopoteza seva kila ikiachwa kidogo mara nyingi imeruhusiwa kuizima kadi yake ya mtandao ili kuokoa betri. Kuna alama ya kuondoa kwenye mipangilio yake. Na ofisi ndogo inayotumia kompyuta ya kawaida ya Windows kama seva ijue kwamba Windows hiyo hupokea wageni 20 tu kwa wakati mmoja. Wa 21 anakataliwa, na huwa ni yule anayechelewa kufika kazini, ambaye hakuna anayemwamini.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Bunge la Bajeti lilikuwa linaendelea. Jumatatu asubuhi, katika ile ofisi ya fotokopi, nilikuta watu wameketi mikono mezani. Mifumo iliyohitaji kutoka nje ilikuwa inasuasua, na kwa kuwa redio zote zilikuwa zimetangaza kwamba mtandao umekatika, walikuwa wameacha hata faili zilizokuwa kwenye seva yao wenyewe, chini ya ngazi, ambayo ilikuwa nzima kabisa.

Mama wa masijala alikuwa ameshastaafu, lakini kabla hajaondoka alikuwa ameongeza safu kwenye daftari: ndani au nje. Aliyempokea, binti mdogo mwenye mwandiko mzuri, alikuwa akiijaza kwa uaminifu. Kabla ya kuandika alimwuliza kila mlalamikaji kama anaweza kufungua folda ya seva. Akiweza, akaandika "nje" na kumwambia arudi kwenye kazi yake ya faili wakati wa kusubiri. Kufikia saa tatu nusu ya ofisi ilikuwa imerudi kazini.

Ukurasa wa siku ile ulikuwa "nje" kutoka juu hadi chini. Isipokuwa mstari mmoja, wa saa nne na dakika ishirini, kutoka chumba cha mipango: "ndani". Siku hiyo ambayo kila mtu alikuwa na sababu ya kulaumu bahari, tulipanda ngazi kwenda kuangalia meza moja. Kabati lilikuwa limesogezwa Ijumaa, na mguu wake ulikuwa umekanyaga kebo karibu kabisa na kichwa. Tulikata pale palipobonyea, tukabana kichwa kipya, binti wa masijala akaandika saa ya kurudi, na kabla ya saa sita yule afisa mipango alikuwa anamalizia jibu lake la swali la mbunge.